Fidla na Zeze: Je, Apigaye kwa Sikio Hajui Muziki?

Mwaka jana nilitoa shairi katika jarida hili. Mwaka huu nimeonelea nilete somo, na somo lenyewe ni la muziki. Najua kuna atakayeuliza, muziki na Chama cha Kiswahili wapi na wapi? Ndugu msomaji, vuta subira, utaona mwenyewe.

Somo hili lilianza kwa ubishi. Katika shule yetu yupo kijana wa kidato cha pili ambaye jina lake sitalitaja, maana hakunipa ruhusa. Kijana huyu ana zeze. Alilitengeneza kwa mkono wake: mkebe wa rangi uliokwisha, kipande cha ngozi ya mbuzi, mti mmoja mwembamba na mshipi wa kuvulia samaki. Upinde wake ni ufito uliopindwa ukafungwa nyuzi za katani. Jioni tukitoka shule, wakati wenzetu wa ng'ambo wanangoja mtumbwi, yeye hukaa juu ya gogo akapiga, na hakuna anayelalamika mtumbwi ukichelewa.

Siku moja mtu mzima mmoja alisimama akamsikiliza, kisha akatikisa kichwa. Akasema, "Huyu hajui muziki, anajua kukwaruza. Muziki ni nota." Alisema hivyo mbele ya watu wote. Kijana hakujibu kitu. Alienda nyumbani akalichomeka zeze lake kwenye makuti ya paa, na kwa muda wa wiki mbili hakulishika. Mimi nilikasirika sana. Lakini hasira si hoja, na Chama chetu kimetufundisha mijadala, basi nikaenda kutafuta hoja.

Kwanza tuanze na maneno yenyewe. Waingereza wana majina mawili kwa chombo kimoja. Kikipigwa kijijini watu wakacheza ngoma hukiita "fiddle", na kikipigwa ukumbini watu wakiwa wamekaa kimya hukiita "violin". Ni mbao zile zile na nyuzi zile zile nne! Kinachobadilika ni mahali, nyimbo na namna ya kujifunza. Neno letu fidla halifichi lilikotoka, lakini sisi tumelitumia kwa vyote viwili bila kubagua. Zeze nalo ni neno la siku nyingi, na hutajwa kwa ala za nyuzi za aina mbalimbali. Hapa kwetu Kenya Waluo wana orutu, Wakikuyu wana wandindi, na Waluhya wana shiriri. Ukivuka mpaka utakuta Waganda na endingidi yao, na Wagogo wa Dodoma na izeze. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alikuwa akipiga izeze yenye nyuzi nyingi, akazunguka nayo dunia. Kwa hiyo yule kijana wetu mwenye mkebe wa rangi hayuko peke yake, ana ukoo mkubwa.

Kuna jambo moja la Kiswahili limenichekesha. Sisi husema kupiga ngoma, kupiga gitaa, kupiga fidla. Ngoma kweli hupigwa, lakini fidla haipigwi, inasuguliwa! Upinde hupita juu ya uzi ukiuvuta kidogo kidogo, uzi ukinasa na kuachia, unanasa na kuachia mara nyingi sana kwa nukta moja, na huko kunasa ndiko kunakotoa sauti. Ndiyo maana upinde mkavu hautoi kitu. Upinde wa fidla hufungwa nywele za mkia wa farasi, na ule wa zeze hufungwa katani, lakini yote miwili lazima ipakwe ulimbo mkavu ili inase. Jaribu bila ulimbo, utasikia upepo tu.

Sasa tuje kwenye chombo. Fidla kama tunavyoijua leo ilitokea Italia katika karne ya 16, na mji wa Cremona ndio uliosifika kwa mafundi wake. Ina nyuzi nne, na kutoka ule mnene hadi ule mwembamba zaidi zinaitwa G, D, A na E. Mwenye kujua solfa ataelewa haraka: ukiuita uzi mmoja do, basi unaoufuata ni so. Shingo yake ni nyororo. Haina vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa kumwonyesha mpigaji mahali pa kuweka kidole. Jambo hili naomba ulishike vizuri, msomaji, maana ndilo lililonipa ushindi katika ubishi wangu.

Zeze la uzi mmoja ni gumu hata zaidi. Tazama mpigaji wa orutu. Vidole vyake vinagusa uzi ulioning'inia hewani, haukandamizwi kwenye ubao wowote. Akisogeza kidole kiasi cha unene wa punje ya mchele, sauti imekwisha kuharibika. Ni nani anayemwambia kwamba imeharibika? Si macho, maana hakuna alama yoyote ya kutazama. Ni sikio peke yake.

Na yule wa fidla aliyesoma nota je? Karatasi inamwambia, hapa piga A. Vema. Lakini karatasi haimwambii kama aliyoipiga ni A au ni kitu kinachokaribia A. Shingo ya fidla ni nyororo, haina alama. Itabidi asikilize. Kumbe basi hata mwenye karatasi anapiga kwa sikio! Karatasi inamwonyesha njia, lakini mwenye kutembea ni sikio. Nilipogundua hivyo nilitaka kukimbia nikamtafute yule mtu mzima, lakini adabu ikanizuia.

Tofauti zipo, sikatai. Mwenye kusomea muziki wa ukumbini hupewa kazi iliyoandikwa yote na mtunzi, mpaka pa kupiga polepole na pa kupiga kwa nguvu. Anaweza kupiga leo kitu kilichotungwa miaka 300 iliyopita na mtu ambaye hata kaburi lake hajaliona. Hilo ni jambo kubwa, sikio pekee haliwezi. Mwenye kujifunza kijijini naye hupokea wimbo kutoka kwa mzee, na kila akiurudia anauongezea kidogo. Nyimbo nyingi za fidla za kale za Marekani zina sehemu mbili fupi tu, zinazorudiwa na kurudiwa kadiri wachezaji wanavyotaka. Uzuri wake uko katika kurudia bila kuchosha, na hilo nalo jaribu uone kama ni rahisi.

Kuna na suala la kulinganisha nyuzi, yaani kutuni. Wa muziki wa ukumbini karibu siku zote huziacha zikiwa G, D, A, E. Wapiga fidla wa kale wa Marekani mara nyingi huzibadilisha, kwa mfano zikawa A, E, A, E, ili nyuzi mbili zilie pamoja na wimbo upate kishindo. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu nao huziweka G, D, G, D. Nilishangaa sana. Mkulima wa milimani Marekani na mpigaji wa Kairo hawakukutana wala kupelekeana barua, lakini wote wawili wamegeuza nyuzi za chombo kile kile kwa sababu masikio yao yalidai hivyo.

Nimetaja Marekani kwa sababu huko kuna mashindano ya wapiga fidla wa kale, na vijana huingia. Mashuhuri zaidi hufanyika mji mdogo wa Weiser, katika jimbo la Idaho. Mshindani hupewa dakika nne. Ndani ya dakika hizo lazima apige wimbo wa kasi wa kuchezea ngoma, wimbo wa taratibu wa hatua tatu, na wa tatu wa kujichagulia. Sheria hiyo naipenda, maana mwenye mbio tu hawezi kujificha. Huko ndiko alikotokea Mark O'Connor, aliyezaliwa mwaka 1961. Alijifunza kwa mzee mmoja wa Texas, Benny Thomasson, na mwaka 1979, kabla hajatimiza miaka 18, alishinda taji la wakubwa. Wengine wangebaki hapo. Yeye katika miaka ya 1990 alitunga kazi ya fidla na okestra kubwa, akasimama mbele ya okestra hiyo akaipiga mwenyewe. Hakuacha fidla ya kijijini ili aingie ukumbini. Aliingia nayo.

Lakini kwa nini twende mbali wakati Unguja ipo? Taarab ndiyo shule yetu ya fidla, sisi watu wa Pwani. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta wanamuziki kutoka Misri, na akampeleka Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho ni miongoni mwa vikundi vya muziki vya zamani sana katika Afrika Mashariki. Halafu akaja Siti binti Saad, binti wa shamba, akaimba taarab kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay na kundi lake kurekodi santuri. Mna fidla ndani ya santuri hizo. Baadaye, kwa kufuata mtindo wa okestra za Misri, fidla zikawa nyingi, zimepangwa mstari kama wanafunzi gwarideni.

Kwa nini fidla ikakubaliwa haraka hivyo na muziki wa Kiarabu na wetu? Jibu ni ile shingo nyororo. Muziki huo una sauti ambazo kwenye piano hazimo, zimekaa katikati ya kibao cheupe na cheusi. Piano haiwezi kuzipata kwa sababu vibao vyake vimekwisha kukatwa. Fidla inaweza, kidole kinateremka tu mpaka mahali panapotakiwa. Kile ambacho mwanafunzi wa kizungu anakiona ni shida, yaani kukosa alama, ndicho kilichokuwa mlango wa sisi kuingilia.

Mwaka 2002 katika Mji Mkongwe kilianzishwa chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kinachojulikana kama DCMA. Humo vijana hufundishwa fidla, udi, kanuni na ngoma, na pia kusoma nota. Mohamed Issa Haji, ambaye watu humwita Matona, ni fundi wa fidla na udi aliyefundisha hapo. Na mtu asidhani fidla ni ya wanaume. Mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kundi la taarab ambalo wanawake hawaimbi tu, wanapiga ala wenyewe. Kwetu Kenya yupo Labdi Ommes, anayepiga orutu, ala ambayo kwa mila ilikuwa ya wanaume. Wasichana wa Chama chetu, nimewaandikia ninyi sentensi hizi mbili.

Nairobi nako wapo. Kenya Conservatoire, shule ya muziki, imekuwapo tangu mwaka 1944, na katika mtaa wa Korogocho mpango wa Ghetto Classics ulianza mwaka 2008 kuwafundisha watoto fidla na ala nyingine za okestra. Na Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927, lina nafasi kwa zote: kuna vitengo vya ala za kizungu na kuna vitengo vya ala za kiasili. Hata KCSE, kwa shule zenye somo la Muziki, mna mtihani wa kupiga, mna wa kuandika, na mna mwingine wa kusikiliza tu. Serikali yenyewe inatoa alama kwa sikio!

Sasa nafika kwenye hoja yangu kubwa, na hii sikuitoa mbali. Niliitoa papa hapa Tana.

Mwaka 1963 nchi yetu ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, wataalamu watano waliteuliwa kutayarisha Wimbo wa Taifa. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Watu hao walikuwa na elimu ya nota. Wangeweza kutunga kitu kipya mezani wakitaka. Badala yake walichukua tuni ya wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, walioupata kwa Mzee Meza Galana. Tuni hiyo wakaipangia sauti, maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza yakawekwa, na tangu tarehe 12 Desemba 1963 ndiyo inayotusimamisha wima.

Fikiri, msomaji. Wale mama wa kando ya mto walioirithishana tuni hiyo walikuwa wameona wapi mistari mitano ya nota? Mtoto alilia usiku, mbu wengi, mama akaimba. Binti yake akaisikia, naye akaja kumwimbia wa kwake. Haikuandikwa, wala haikupotea. Leo inapigwa na bendi za polisi kwa tarumbeta na inapigwa na okestra kwa fidla, wageni wa mataifa wakiwa wamesimama. Kama ni kweli kwamba apigaye kwa sikio hajui muziki, basi Wimbo wetu wa Taifa tumeupata kwa watu wasiojua muziki. Nani atasimama aseme hivyo hapa Kilelengwani?

Tena tazama wale wataalamu. Hyslop mwaka 1975 alitoa kitabu juu ya ala za muziki za Kenya. Senoga-Zake mwaka 1986 alitoa chake juu ya muziki wa kiasili wa Kenya. Omondi aliisomea nyatiti mpaka akapata shahada ya udaktari. Wenye nota ndio waliokwenda kukaa chini kwa wenye sikio, na kalamu mkononi.

Hoja hizo zote nilimpelekea yule kijana. Alinisikiliza, akasema, "Sawa, lakini nota bado sizijui." Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeshinda ubishi na yeye bado ameshindwa kusoma karatasi.

Aliyemsaidia ni mwalimu wa mazoezi aliyekuja kwetu muhula wa kwanza, akiwa na fidla ndani ya kasha. Kijana alipewa kuishika. Siku ya kwanza aliishika kama zeze, ameiegemeza tumboni, tukacheka. Siku ya nne alikuwa ameupata Wimbo wa Taifa kwa kuutafuta uzi kwa uzi. Lakini alipowekewa karatasi ya zoezi mbele yake aliganda kama mtu aliyeulizwa swali la kemia. Mwalimu hakumgombeza. Aliiondoa karatasi hiyo, akaandika kwa mkono nota za Wimbo wa Taifa, akamwambia, "Wimbo unaujua. Sasa piga, huku ukitazama." Akapiga. Alipofika mahali sauti inapopanda aliona na vitone vinapanda. Sauti ikishuka, na vitone vinashuka. Akasimama akasema, "Ah! Kumbe ni ramani!" Mwezi mmoja baadaye alikuwa anasoma pole pole, mdomo unacheza kama wa mtoto wa darasa la kwanza, lakini anasoma.

Na mwalimu naye alijifunza. Alitaka kupiga mojawapo ya nyimbo za zeze. Aliiandika yote kwenye karatasi, kisha akaipiga kama alivyoiandika. Kijana akacheka, akasema, "Mwalimu, hapo umeruka." Mwalimu akatazama karatasi, hakuona alichoruka. Ilikuwa ni kile kidole kinachoteleza kabla ya kutua. Kwenye karatasi hapakuwa na mahali pake. Walirudia labda mara ishirini mpaka mtumbwi ukawaacha.

Mwalimu alimaliza mazoezi yake akaondoka na fidla yake, kwa sababu ni yake ya pekee. Zeze limeteremshwa kutoka kwenye makuti. Kijana amejiandikisha katika tamasha kwa vitengo viwili, cha ala za kiasili kwa zeze, na cha fidla kwa kipande kilichopangwa. Mwalimu ameahidi kuituma fidla kwa basi mpaka Minjila wiki moja kabla ya siku yenyewe. Wiki moja si nyingi. Kwa hivyo kila jioni, tukingoja mtumbwi, kijana anaibandika karatasi ya fidla kwenye mti na kuifanyia mazoezi kwa zeze. Nota zinazofika kwenye uzi wake anazipiga. Zile za chini, ambazo uzi wake mmoja hauwezi kuzifikia, anaziimba kwa mdomo huku upinde ukingoja.